Bahasha ya Saba

Likizo ya Agosti, mwaka sabini na tatu,
Mwalimu Shekuwe alitoka posta na kurasa ishirini
za stensili, wino ungali ukinuka.
Zilisema ujumbe usishike waya mzima peke yake:
ukateni, kila kipande kipewe namba na anwani,
kijitafutie ndia chenyewe.

Kompyuta hatukuwa nayo.
Ile ya bandarini ilihesabu mishahara ya makuli
katika chumba cha baridi, na bawabu wake hakucheka na mtu.
Basi Mwalimu akatufanya sisi ndio mashine:
watoto kumi na mmoja, kila mtu na pembe yake,
toka Mlango wa Papa hadi Makadara,
kibao pajani, chaki sikioni.

Asubuhi alijaribu ile aliyoiita ya kiazi moto.
Bahasha ikikufika, mtupie aliye huru, usiulize.
Moja ilinirudia mara tano,
mara ya tano ina doa la ukwaju
na mtu keshaing'ata pembeni.

Ndipo akaja na ya pili.
Usiujue mji wote, alisema. Wajue jirani zako.
Nikipiga filimbi, waulize:
Makadara ni hatua ngapi toka kwako?
Chukua jibu dogo, ongeza moja, andika.

Mimi nilikaa Kibokoni, mlangoni kwa Jivanji fundi saa.
Lali alikuwa Kuze, akaandika mbili.
Nami nikaandika: tatu, kwa Lali.
Kabla ya adhuhuri ndia zote zilijulikana
na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyezijua.

Barua ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe kwa mkewe,
vipande tisa. Cha nne kilifika kabla ya cha pili,
kingine kilizunguka Bondeni kwa akina Awena,
na Bi Shemsa kule Makadara akavipanga mkekani
kama mtu anayepanga karata.

Kisha mkokoteni wa saruji ukavunjika ekseli,
ukaziba kichochoro mbele ya Lali.
Lali hakushtuka. Aliniuliza mimi.
Nikamwambia tatu, na tatu yangu ilikuwa yake.
Akaandika nne. Nikasikia nne, nikaandika tano.
Yeye sita. Mimi saba.
Bahasha ya saba ikawa inakwenda na kurudi,
yangu, yake, yangu.
Wanasema aulizaye hapotei.
Sisi tuliulizana tukapotea
bila hata mmoja kuinuka alipokaa.

Tulikuwa thalathini na moja Mwalimu alipotufikia.
Hakutugombeza. Alichuchumaa juu ya vumbi la saruji,
akaviangalia vibao viwili, kimoja, kingine,
kwa furaha ya mtu aliyeuona ugonjwa kwa macho yake.
Akafuta kibao changu kwa kiganja, akaandika:

Usinambie ya kwangu
niliyokupa mwenzangu
kuyageuza si yangu
ndia ikawa ni ndoto.

Tukaanza upya. Safari hii Lali aliponiuliza nilinyamaza,
na kunyamaza kwangu kukamtosha:
akageukia upande mwingine, bahasha zikapita.

Zote, isipokuwa ya saba.
Makuli walikuja kuuinua mkokoteni, watu wakajaa,
na nani alikuwa nayo saa ile, Mungu ajua.

Magharibi Bi Shemsa aliisoma barua yenye tundu.
Alitaka kipande kile kitumwe tena.
Mwalimu akajipapasa mifukoni.
Nakala hakuweka.
Aliandika jambo hilo daftarini, akapiga mstari chini yake mara mbili:
mtumaji asitupe chake mpaka aambiwe kimefika.
Mkewe hakulitazama daftari. Alimtazama yeye.
"Palikuwa na nini hapo?"
"Nitakwambia nyumbani," akasema,
na masikio yake yakaiva.

Lali sasa ana mvi na duka la simu Mwembe Tayari.
Kila tukikutana husema bahasha ninayo mimi.
Namwambia anayo yeye.
Sijui tumefika ngapi.